Nina hotipoti ya jirani tangu Krismasi iliyopita, nairudisha na nini?

#1 MpangajiSugu (Des 18, saa 3:12 usiku)

Wakuu salama?

Mwaka jana sikwenda nyumbani. Mfuko ulikuwa umekauka, na nauli ya Moshi niliyotajiwa pale Mbezi Luis ilinirudisha Tabata kimyakimya. Nyumba yetu ina wapangaji sita. Wote walishasafiri, tukabaki mimi na mama mmoja wa chumba cha mwisho, karibu na bomba. Mwaka mzima mimi na yeye ni "shikamoo" na "marahaba" basi, na mara moja tulinuniana kwa sababu ya hela ya LUKU.

Tarehe 25 saa nane mchana nimelala, nasikia hodi. Kufungua, mtoto wake amekumbatia hotipoti ya bluu kwa mikono miwili. Ndani pilau, juu yake paja la kuku. "Mama kasema Krismasi njema." Akatimua mbio kabla sijajibu.

Nilikula lote. Nikaosha hotipoti. Nikasema nitairudisha kesho nikipata cha kutia, maana mama yangu alinilea hivyo, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Kesho nikakosa. Januari mnaijua. Februari nikaanza kuona aibu. Sasa ni Desemba tena na ile hotipoti iko juu ya kabati, nimeifunika taulo ili mtu akipita mlangoni asiione. Nikimwona yule mama dukani najifanya naongea na simu.

Maswali mawili. Nairudisha na nini? Na kwa nini mtu aliyeninunia kwa ajili ya umeme aje anifanyie hivi Krismasi, halafu Januari tukarudi kwenye shikamoo na marahaba?

#2 kigoda_changu

Nimeshakaa. Leteni kahawa.

#3 Mama Kuruthumu

Marahaba mwanangu. Sukari kilo moja. Sukari haina dini, haina kabila, haiozi, na hakuna nyumba isiyoihitaji. Usipeleke chumvi, wengine wana imani zao. Usipeleke hela, utamkosea.

#4 Konda Mstaafu

Mwaka mzima? Hiyo siyo hotipoti tena, huo ni mkopo. Rudisha na riba.

#5 MpangajiSugu

#4 ndiyo maana nimeandika kwa jina la bandia mkuu.

#6 Mangi wa Kibosho

Swali la pili nakujibu mimi. Siyo kwamba watu wanakuwa wema Desemba. Ni kwamba mji unabaki mtupu. Sisi Wachaga tukishaenda kwetu "kuhesabiwa" (najua mnavyotusema), wanaobaki Dar wanaonana kwa mara ya kwanza. Nyumba ya watu thelathini ikibaki na wawili, huwezi kujifanya humwoni mwenzio. Yule mama alipika, akasikia ukimya wa nyumba nzima, akakumbuka kuna kijana mmoja hajala. Angekuwepo kila mtu usingepata hata ukoko.

#7 binti_wa_Tanga

Sikubaliani na #6. Sisi Tanga sahani zinatembea mji ukiwa umejaa. Krismasi zinatoka kwa Wakristo kwenda kwa Waislamu, Idi zinarudi. Nimekua najua kabisa kwamba tarehe 25 tutakula pilau la Mama Grace wa mtaa wa pili, na Idi yeye atakula letu. Wala hakuna aliyesema ni wema. Ni ujirani tu, kama kuazima kibiriti.

#8 Konda Mstaafu

Kwa hiyo mwenye hotipoti ni Mama Grace?

#9 binti_wa_Tanga

Hahaaa. Mama Grace angeshaifuata hotipoti yake tarehe 26 asubuhi na mapema, huku anapiga kelele tangu kona.

#10 ZamuYaUsiku

Mimi ni muuguzi. Kazini tuna utaratibu ambao haujaandikwa popote. Mimi Muislamu, kwa hiyo zamu ya tarehe 25 naishika mimi, dada mwenzangu aende kanisani na akae na watoto. Idi anashika yeye. Tumefanya hivyo mwaka wa sita huu.

Sasa tatizo ni kwamba Krismasi ina tarehe na Idi ina mwezi. Yeye ananiambia mapema, "Nisaidie tarehe 25." Mimi nampigia simu saa tatu usiku, "Dada, mwezi umeonekana." Na anakuja. Hajawahi kuniangusha hata mara moja. Hilo kwangu ni kubwa kuliko pilau, maana pilau unaligawa lililobaki, usingizi huna wa akiba.

#11 kigoda_changu

#10 hapo kwenye mwezi umenimaliza.

#12 Babu Gerezani

Binti wa Tanga kanikumbusha. Krismasi ya mwaka 2001 iliangukia katikati ya Ramadhani. Tulikuwa Ilala, Gerezani, nyumba imechanganyika. Mama yangu mzazi, Mluteri, aliahirisha mapishi yote. Mchana tulikula viporo vya jana, hakuruhusu harufu ya kitunguu itoke uani kwetu watu wamefunga. Saa kumi ndipo akawasha jiko. Adhana ya magharibi inatoka na sisi watoto tunatoka na sahani, kila mtu na mlango wake. Tulikula Krismasi yetu usiku pamoja na futari yao. Mpaka leo nikisikia harufu ya tambi za sukari naona Krismasi.

#13 Mwalimu wa Zamu

Shikamoo babu. Simulizi nzuri, ila mwaka siyo wenyewe. Mwaka 2001 Idi ya kufungua ilikuwa katikati ya Desemba, Krismasi ikakuta watu wameshamaliza kufunga. Utakuwa unazungumzia 1998 au 1999. Mfungo unarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo unakutana na Krismasi kila baada ya miaka thelathini na kitu. Utakutana nayo tena mwanzoni mwa miaka ya 2030.

#14 Babu Gerezani

Marahaba mwalimu. Basi itakuwa 1999, maana nakumbuka watu walikuwa wanasema dunia inaisha ikifika 2000. Mama aliwajibu ikiisha na iishe, lakini vyombo vya watu virudi kwanza.

#15 Konda Mstaafu

MpangajiSugu umesikia? Mpaka kiama hotipoti inadaiwa.

#16 Boda Kimara

Nyinyi mnaongea wema wa watu wenye jiko. Njooni barabarani. Tarehe 24 abiria anapanda Kimara hadi Mbezi na mabegi manne, kuku mmoja na mtoto, akishuka anasema, "Si unipunguzie, sikukuu hii." Mimi sina sikukuu? Kwa nini wema unaotakiwa kila mara ni wangu? Mwaka juzi mmoja tu, mzee, alinipa elfu tano kwa safari ya elfu mbili, nikitafuta chenji akaniambia kanywe soda. Namkumbuka hadi koti alilovaa. Ndiyo ujue walivyo wachache.

#17 Mangi wa Kibosho

Na kuku alilipiwa?

#18 Boda Kimara

Kuku alinikojolea.

#19 Mama Kuruthumu

Kuku hakojoi baba.

#20 Boda Kimara

Basi alichofanya ni hicho kingine.

#21 PweziNapoli

Salamu kutoka Italia. Nipo Napoli mwaka wa kumi na moja, na Wabongo huku tupo wengi tu. Watu wa mji huu wana desturi ya kahawa. Mtu anaingia kwenye mgahawa, anakunywa kikombe kimoja, analipa viwili. Kile cha pili anakiacha hapo kwa yeyote atakayekuja hana hela. Huyo akija anauliza tu, "Kuna kahawa imeachwa?" Ikiwepo anapewa. Aliyelipa hamjui aliyekunywa, wala aliyekunywa hamjui aliyelipa. Miezi yangu ya kwanza nilizinywa sana hizo, sioni haya kusema.

Sasa ndugu MpangajiSugu, shida yako ni kwamba ulijua nani amekupa. Ungekuta hotipoti mlangoni haina mwenyewe, ungekula ukalala. Wema wenye sura unageuka deni. Wa Napoli hauna sura.

#22 Konda Mstaafu

Huku Tabata ukiacha kahawa ya mtu asiyejulikana, muuzaji ataiuza mara mbili, halafu atakuambia huyo asiyejulikana alikuja.

#23 binti_wa_Tanga

#21 mimi sitaki wema usio na sura. Huo ni wa mashine. Raha ya sahani ni kwamba nikiiona najua ni ya nani. Kwetu kuna sahani ina ufa pembeni, tumezunguka nayo nyumba tatu, kila mtu anajua ni ya bibi. Na hilo deni mnalolilalamikia ndilo linalomfanya mtu apige hodi. Nikishakulipa sina sababu ya kuja kwako.

#24 Ustadh wa Buguruni

Assalaam alaykum. Mnagusa jambo ambalo lina sura nzima katika Qurani, Al-Maa'uun, sura ya 107. Fupi, aya saba. Inaanza na anayemsukuma yatima, inamalizia na wanaoswali kwa kujionesha huku wanazuia hiyo *maa'uun*. Ukiwauliza wafasiri maa'uun ni nini, katika kauli zilizopokelewa ni vitu vidogo vya nyumbani ambavyo watu wanaazimana: ndoo, sufuria, shoka. Wengine wakasema ni zaka. Mimi napenda hiyo ya sufuria. Kijana, hotipoti imo humo humo.

#25 MpangajiSugu

Waalaykum salaam ustadh. Sasa mimi ndiye ninayezuia sufuria?

#26 Ustadh wa Buguruni

Sijasema mimi.

#27 Mwana wa Parokia

Na sisi Matayo sura ya sita inasema utoapo sadaka, hata mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume. Kwa hiyo Pwezi wa Napoli ana hoja. Siku hizi mtu anapeleka mchele kilo tano kituo cha watoto yatima na wapiga picha watatu. Watoto wanapangwa mstari, wanaambiwa wacheke. Ukizitazama zile picha, nguo aliyovaa mgeni ina thamani kuliko mchele.

#28 Ustadh wa Buguruni

Hilo la mkono wa kushoto na sisi tunalo kwenye hadithi, mtu anayetoa kwa siri hadi mkono wake wa kushoto usijue. Yumo kati ya wale saba watakaopata kivuli siku isiyokuwa na kivuli.

#29 ZamuYaUsiku

Lakini jamani, wale watoto mchele wameula. Picha ni aibu ya mpigaji. Tumbo limeshiba. Mimi nimeona wodini watu wanaoleta sabuni na uji na kupiga picha, na nimeona wasiopiga picha na wasioleta. Nachagua wa kwanza, ila simu waache nje, mgonjwa naye ana heshima yake.

#30 Otieno wa Kayole

Niaje watu wa Bongo. Huku Kenya Krismasi ni chapati. Tulipokuwa wadogo chapati hazikupikwa ovyo, unangoja Disemba. Mamangu alikuwa anasonga unga wa kutosha ploti nzima, na ukitumwa na sahani kwa jirani unahesabiwa: "Ni nane, zifike nane." Zilikuwa zinafika saba. Jirani alijua, mamangu alijua, na hakuna aliyewahi kusema. Nikiwaza wema mdogo nawaza hiyo moja waliyoninyamazia.

#31 kigoda_changu

Hii ya chapati ya nane inatosha kufunga uzi.

#32 Konda Mstaafu

Hatufungi. Hotipoti haijarudi.

#33 Boda Kimara

Eti wakuu, hiyo tarehe 26 kwa nini inaitwa Boksingi Dei? Mimi nilijua ni ya mabondia, maana kuna mwaka pambano lilikuwa siku hiyo.

#34 Mwalimu wa Zamu

Ngumi hazimo ndugu yangu, japo mapambano hupangwa siku hiyo kwa sababu watu wapo likizo. Ni sanduku. Uingereza watumishi wa majumbani walifanya kazi siku ya Krismasi, maana mabwana walikuwa wanakula. Kesho yake ndipo waliporuhusiwa kwenda kwao wakiwa na kisanduku cha zawadi. Wachuuzi na wapeleka barua nao walipita kuchukua chao. Wengine wanaipeleka kwenye masanduku ya sadaka ya makanisani. Mwingereza alituachia sikukuu, Tanzania na Kenya zote tunapumzika tarehe 26, ila sanduku lenyewe halikuvuka bahari.

#35 Dada Wa Mbeya

Asante mwalimu, maana umenifungulia mlango. Nimewasoma tangu juu mnazungumzia pilau la Mama Grace na sahani za bibi. Nani aliyepika? Mimi nimekuwa dada wa kazi miaka minne Dar. Krismasi ndiyo siku niliyosimama kuliko zote. Napika, napakua sahani kumi na mbili, nazunguka mtaani na jua, kila nyumba wanasema, "Mwambie mama asante." Mama. Narudi naosha vyombo vya wageni hadi saa sita usiku.

Kuna nyumba moja tu, mzee mmoja mjane, nilipompa sahani aliniuliza, "Na wewe umekula?" Nikasema bado. Akasema ingia, kaa. Akanigawia nusu ya kile kile nilichomletea. Nilichelewa, nikagombezwa. Sijuti.

#36 Mama Kuruthumu

Pole mwanangu. Umesema kweli na imetuuma tunaostahili.

#37 Mangi wa Kibosho

#35 heshima kwako.

Naongeza moja ya kwetu halafu nafunga mabegi. Watu wanadhani tunaenda Kilimanjaro kwa ajili ya mbege na mbuzi. Mbuzi yupo, na kisusio kipo, sikatai. Lakini kuna jani linaitwa sale. Ukiwa umekosana na ndugu, ukimpelekea sale ni vigumu sana akukatalie msamaha. Na Desemba ndiyo mwezi pekee ambao uliyekosana naye yupo kwao, na wewe upo kwenu, mmetengana na mgomba mmoja. Baba yangu na kaka yake hawakusemeshana tangu nikiwa darasa la tatu, ugomvi wa mpaka. Desemba moja nikiwa kidato cha pili nilimwona baba anakata sale alfajiri, haongei na mtu. Hakuna sherehe iliyofanyika. Jioni baba mkubwa akaja kunywa chai, akalalamika kwamba chai yetu haina tangawizi. Basi.

Kwa hiyo MpangajiSugu ugomvi wenu wa LUKU huenda ndio ulioleta hotipoti. Lilikuwa sale lake.

#38 MpangajiSugu

Mangi umenichoma. Kwenye ile LUKU mwenye kosa nilikuwa mimi. Nilikuwa na jiko la umeme chini ya kitanda na sikumwambia mtu.

#39 Konda Mstaafu

UNA JIKO CHINI YA KITANDA NA HOTIPOTI JUU YA KABATI. Mtu huyu asiachiwe chumba.

#40 Bukavu Moja

Jambo wote. Kwetu Krismasi ni ya kanisa zaidi, shamrashamra kubwa ni mwaka mpya, watu wanapeana "Bonane!" njia nzima. Hata usiyemjua unamwambia. Nikihamia Dar nilimwambia mtu Bonane asubuhi ya tarehe moja Kariakoo, akadhani namuita kwa jina, akajibu, "Siyo mimi."

#41 Boda Kimara

Mkuu ukinikuta mimi sema tu, nitakujibu. Ila nauli pale pale.

#42 Mwana wa Parokia

Narudi kwenye swali la msingi. Kwa nini Desemba? Maana sijaridhika na mji mtupu wala sale. Nadhani ni hofu ya mwaka kuisha. Mtu anapiga hesabu, anaona hakuna jema alilofanya, anatafuta la haraka haraka kabla ya tarehe 31. Ndiyo maana unatumiwa elfu ishirini na mtu ambaye hakupokea simu yako tangu Mei.

#43 binti_wa_Tanga

Na haweki ya kutolea.

#44 ZamuYaUsiku

Hapo kwenye ya kutolea ndipo ninapompimia mtu. Elfu kumi na ya kutolea ina upendo kuliko elfu kumi na tano kavu.

#45 MpangajiSugu (Des 23, saa 1:40 jioni)

Wakuu mrejesho.

Leo nimenunua sukari kilo moja kama alivyosema Mama Kuruthumu, nikaongeza majani ya chai na sabuni ya mche, nikatia vyote kwenye hotipoti. Nikapiga hodi. Mkono unatetemeka kama naenda kuposa.

Nikamwamkia, nikasema, "Mama, samahani, hotipoti yako." Akaitazama. Akanitazama. Akaita mtoto, "Njoo uone!" Kisha akacheka hadi akakaa kwenye ndoo.

Hotipoti siyo yake. Aliiazima kwa mama mmoja wa nyumba ya jirani siku ile ile ya Krismasi kwa sababu yake ilikuwa imevunjika kifuniko. Mwenyewe alipoidai Januari, yule mama hakutaka kunifuata mimi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nikaona kijana hana kitu, nikikufuata utaona nilikupa ili nikudai." Akamnunulia mwenzake nyingine, mpya. Na huyo mwenzake alishahama, yuko Chanika.

Kwa hiyo mwaka mzima mimi nilikuwa najificha na yeye alikuwa ananionea huruma.

Sukari kapokea. Hotipoti kakataa. Kasema nikae nayo, ila pilau la mwaka huu nipike mimi nimpelekee.

#46 Konda Mstaafu

Nimekosa neno. Miaka kumi humu sijawahi.

#47 Dada Wa Mbeya

Huyo mama alinunua mpya na hakusema. Haya Pwezi, wema wa Napoli huo hapo, na sura unayo.

#48 PweziNapoli

Nakubali nusu.

#49 Mama Kuruthumu

Na ile ya jiko la umeme ulimwambia?

#50 MpangajiSugu

Nilimwambia mama. Alisema alijua tangu mwezi wa nne, mita ilikuwa inakimbia usiku. Jingine, jamani mimi sijui kupika pilau. Naomba msaada, muda ni mdogo.

#51 binti_wa_Tanga

Kitunguu kiive hadi kiwe kahawia kabisa, usiogope. Rangi ya pilau ni kitunguu. Bizari nzima ya pilau, iliki, mdalasini, pilipili manga, karafuu chache. Tangawizi na kitunguu saumu. Nyanya usitie.

#52 Mangi wa Kibosho

Nyanya moja haina shida.

#53 binti_wa_Tanga

NYANYA USITIE.

#54 Otieno wa Kayole

Sisi tunatia.

#55 Babu Gerezani

Mama yangu alitia nusu nyanya, na Waislamu wa Gerezani walikula na wakaomba nyingine. Lakini sitaki ugomvi sikukuu.

#56 MpangajiSugu (Des 25, saa 9:05 alasiri)

Limekuwa bokoboko. Maji yalizidi. Nimelipeleka hivyo hivyo, mtoto kapokea.

#57 Mama Kuruthumu

Hotipoti ulifunika vizuri?

#58 MpangajiSugu

Nilifunika. Sasa hivi kaja mtoto ameirudisha. Ndani kuna mayai sita na karatasi yenye kipimo cha maji kwa kilo ya mchele.